Nusu ya Kahawa ya Kutafuna

Mjukuu wangu Kokugonza,

Huku Kitendaguro hatujambo. Senene wameanguka wengi, na shangazi yako amekuwekea fungu lako. Uliposema majibu yako ya mwisho ya damu ni safi, nilikaa chini jikoni nikacheka peke yangu.

Unauliza kwa nini, tangu sindano ya chumba cha upasuaji ikuchome kazini, nilikuhimiza tu ule na wenzako.

Nami nilichomwa hivyo hivyo, nikiwa muuguzi kijana kule Muleba. Miaka ile unaijua kwa kusimuliwa. Nikingoja majibu, nilijitengea kikombe, sahani, hata kigoda. Muuguzi mzima, najua fika kwamba virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kikombe! Mama mkwe alijua ninachongoja. Jioni moja alichukua punje ya kahawa ya kutafuna, akaipasua kwa meno, nusu akaniwekea kiganjani.

“Tafuna,” alisema. “Hapa kwangu hakuna anayekula peke yake.”

Majibu yalikuja safi, Mungu ashukuriwe. Lakini usingizi wangu ulikuwa umesharudi tangu jioni ile.

Kwenye kifurushi hiki kuna kahawa. Mwenzako akichomwa, mpeleke akapate dawa haraka, kisha mpasulie.

Bibi yako