Nimemwaibisha Binti Yangu kwa Ajili ya Pluto

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla binti yangu hajaacha masomo kwa sababu yangu mimi mama yake. Mimi ni fundi cherehani, na binti yangu wa miaka kumi na tano amechaguliwa kuhudhuria yale masomo ya ziada ya sayansi wanayopewa vijana chuo kikuu kila Jumamosi, na mimi nilipokuwa na umri wake nilisoma hayo hayo, ukumbi ule ule, viti vile vile vya mbao vinavyojikunja kwa kishindo ukisimama, na siku ya kwanza wazazi tulipokaribishwa ndani, mwenzio nilisikia harufu ya chaki na vumbi la mapazia machozi yakanilenga, basi wenzangu walipoondoka nikabaki mstari wa nyuma nikijifanya namsubiri mtoto, na Jumamosi iliyofuata nikarudi, na iliyofuata tena, cherehani nimeifunika kitambaa na wateja wananitafuta.

Mshauri, zile zilikuwa siku zangu tamu kuliko zote. Tulitengeneza mfano wa sayari tukauning'iniza darini, kila mtu na sayari yake, na kwa kuwa nilikuwa mfupi kuliko wote nikapewa Pluto, nikaitengeneza kwa kifungo cha shati la baba nilichokipaka rangi ya bluu, wakaniita Pluto mpaka masomo yakaisha, na nilijua kabisa nitarudi pale kama mwanachuo, lakini baba akafariki, nikakaa kwenye cherehani kuwasomesha wadogo zangu, sijuti, ila nikiwa mle ukumbini najiona nina kumi na tano tena.

Sasa Jumamosi iliyopita mwalimu akauliza sayari ziko ngapi, na mkono wangu sijui ulinyanyuka vipi, nikajibu kwa sauti, "Tisa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu, kijana mpole tu, akasema, "Mama, enzi zenu zilikuwa tisa kweli. Pluto tulishaiondoa." Binti yangu alijiinamia mpaka nikawa sikioni kichwa chake. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Mama, ukija tena, mimi siendi." Tangu hapo ni salamu tu. Nami nikiacha kwenda nahisi kama nafukuzwa pale mara ya pili. Nifanyeje?

Mama wa Mstari wa Nyuma

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, mama. Na mimi nilifundishwa tisa, kwa hiyo tungechekwa wawili. Lakini nikuambie ukweli: hilo darasa si lako. Zamu yako ilikatishwa vibaya na inauma, lia ukitaka kulia. Ila binti yako ndiyo kwanza ameanza yake, na umri ule mtoto huona aibu hata mama yake akipiga chafya mbele ya watu, sembuse kunyoosha mkono! Umemkalia kiti chake, ndiyo maana amekasirika.

Leo jioni mwombe radhi, kwa maneno machache, na usianze kumhesabia uliyomfanyia tangu azaliwe. Kisha chukua kifungo kimoja hapo dukani kwako, mkalishe, umsimulie. Anamjua mama yake, anamjua fundi cherehani. Yule msichana mfupi aliyeitwa Pluto hajawahi kukutana naye, halafu wewe ukamleta darasani ghafla bila kumtambulisha. Ukimaliza, mwache yeye akueleze kwa nini waliiondoa. Sikiliza, usimkatize.

Jumamosi mfikishe getini, mpe nauli ya kurudi, geuka. Usizunguke nyuma kuchungulia dirishani, nakujua. Nenda moja kwa moja ofisi ya usajili ukaulize masomo ya jioni ya watu wazima, maana wadogo zako wameshasoma na cherehani haitakukimbia. Ukipata nafasi, kaa mstari wa mbele, nyoosha mkono unavyotaka. Na ukijibu tisa, nusu ya darasa itakuunga mkono.