Mkebe Wenye Kifuniko cha Bluu

Mamboleo, 10 Juni 2025

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu kutoka huku vumbini. Goti linaendeleaje? Na wale kuku, kicheche amekubakizia wangapi? Mimi ni mzima, ila sare za shule zimenikalisha kwenye cherehani mpaka mgongo unalia. Barua hii anakuletea Maximilla, yule anayekuja huku kila Jumanne kuchukua mitumba ya kuuza soko la Pap Onditi. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje, na wewe ukanijibu habari za mvua.

Mama, tangu tumzike Ouma ni mwaka mmoja na mwezi. Siku ile mlinikalisha mkekani na wajane, mkanivisha koti lake la kazini, mkaniita mke kwa sababu mahari ya kwanza ilikuwa imeshafika kwetu. Harusi ndiyo ilikuwa bado. Mama yangu mzazi alininong'oneza nikatae, akisema sisi watu wa Nyeri hatuna mambo hayo. Sikukataa.

Mwezi ujao natimiza miaka thelathini. Kuna mtu anataka kunioa. Anaitwa Bildad, ndiye hutuletea vitambaa dukani. Wazazi wangu wamempenda. Mimi kila akitaja tarehe, nainamia cherehani. Nakuomba uniachilie, Mama, nijue nimetoka kwenu kwa heshima.

Lingine naogopa hata kuliandika. Lile koti nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila mvua inaponyesha huko kwenu Kano, asubuhi nalikuta limelowa mikono na pindo, hata kama huku kwetu hakujadondoka tone. Bildad alisema ni paa linavuja. Akapanda, akabadilisha mabati mawili. Bado linalowa, na linanuka tope la mashamba ya mpunga.

Mkamwana wako,
Wahu


Pap Onditi, 23 Juni 2025

Nyar Mamboleo, binti wa Mamboleo,

Amosi, nakusalimu. Goti ni lilelile, kuku wamebaki saba na jogoo mmoja mjinga. Barua yako nimeisoma kwa miwani na bila miwani. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, usinikasirikie. Miaka thelathini na mitatu ya ualimu haifutiki kwa sababu mtu amestaafu.

Unaniomba nikuachilie kana kwamba nimekufunga kamba kama mbuzi. Aliyekushika si mimi. Kwetu mke wa marehemu hungoja ndoto. Mumewe humjia usingizini, humjia kama mume anavyomjia mkewe, wakaagana. Akiamka anawaambia wakwe zake, tunapika, tunakula, naye anakuwa mtu huru. Pasta wetu akijua nimeandika haya ataniondoa kwenye kamati ya kina mama. Lakini hata mama yake yeye alingoja, namjua.

Je, Ouma amekuja kwako? Akija, niandikie siku hiyohiyo, hata kama Maximilla hayupo, nitafutie mtu. Huyo Bildad sina ubaya naye. Mtu anayepanda juu ya paa la mwanamke bila kuombwa si mvivu.

Ila usinidanganye. Njia ya mwongo ni fupi, na ya anayemsingizia marehemu ni fupi zaidi. Na koti usilifue.

Mama mkwe wako,
Awuor


Mamboleo, 26 Agosti 2025

Mpendwa Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na jogoo wako. Hapa sote ni wazima.

Amekuja, Mama. Ilikuwa wiki iliyopita. Alikuwa amevaa lile shati lake la kijani la kanisani, amenyoa, anacheka mpaka lile pengo la meno likaonekana. Alikuja kama ulivyosema mume huja. Kisha akaniambia, "Wahu, nenda. Nimekuruhusu." Nikaamka, moyo wangu umetulia.

Sina mengi. Nangoja neno lako.

Mkamwana wako,
Wahu


Pap Onditi, 15 Septemba 2025

Nyar Mamboleo,

Salamu. Mimi si mgonjwa wala si mzima. Nimechelewa kujibu, nisamehe.

Barua yako ni fupi. Miaka yote hiyo nimesoma insha za watoto, na ninamjua mtoto aliyeona na mtoto aliyenakili kwa jirani. Nimeisoma yako mara tatu nikitafuta kosa. Mara ya nne nikaacha kutafuta, kwa sababu nataka iwe kweli. Sasa nikuambie kwa nini.

Kwangu Ouma huja amelowa. Mvua ikinyesha anasimama mlangoni, haingii, maji yanamchuruzika, ananiambia, "Mama, si wewe ulisema niende?" Hasemi kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Siku ile maji yalipomchukua, alikuwa hapa kwangu. Hilo sijamwambia mtu. Alikuja asubuhi, akakaa jikoni akinitazama nikikaanga njugu, kisha akasema, "Mama, sijui kama nataka kuoa. Nampenda, lakini nikiwaza maisha yote nasikia kama nimefungiwa ndani." Nikamwambia, una miaka thelathini na mmoja na bado unasitasita kama ng'ombe kwenye daraja? Mahari imekwenda, watu wamekula, unataka kunitia aibu? Amka, panda pikipiki yako, nenda Mamboleo ukapange tarehe ya harusi na yule binti leo hii. Akasema mto umefurika, barabara ya Ahero ina maji. Nikamjibu maji hayajawahi kumzuia mtu anayetaka kwenda.

Nilimpa hata zile njugu akuletee, kwenye mkebe wangu wa majani ya chai, ule wenye kifuniko cha bluu. Nazo zikaenda na maji. Waliomwopoa waliniambia pikipiki ilikuwa imeelekea nyumbani. Nikasema ni maji yameigeuza. Maji hugeuza kila kitu.

Basi kama kwako amekuja mkavu, anacheka, Mungu ashukuriwe, labda na mimi atanisamehe. Uko huru, Wahu. Nimechinja yule jogoo mjinga, tumekula kwa niaba yako. Olewa. Zaa. Usiniandikie kwa sababu ya wajibu.

Mama mkwe wako,
Awuor


Mamboleo, 16 Desemba 2025

Mama,

Sijui nianze na salamu gani. Natumaini unalala.

Tangu Septemba kila Jumanne nampita Maximilla kwa mbali asije akaniuliza kama nina barua. Wazazi wa Bildad walikuwa waje kwetu Jumamosi iliyopita. Mama yangu alikuwa amekopa viti kanisani. Nimewarudisha wageni njiani na hanisemeshi mpaka leo. Ulisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miezi mitatu na imeishia kwako.

Sikuota ndoto yoyote. Lile shati la kijani nililikumbuka kwenye picha. Ulijua, ila ulitaka iwe kweli, na mimi nikakuacha utake.

Nakutumia mkebe pamoja na barua hii. Nimemwambia Maximilla akupe mkononi. Uutazame kwanza, kisha usome.

Njugu hazikwenda na maji, Mama. Nilizila mimi.

Alivuka. Alifika Mamboleo saa kumi na dakika kumi, suruali imelowa mpaka magotini, kofia ya pikipiki mkononi. Mimi na Bildad tulikuwa dukani. Bildad alikuwa ameleta vitambaa, lakini vitambaa vilikuwa vimeshashushwa saa nzima kabla. Alikuwa amenishika mkono, mimi nacheka. Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa miezi miwili tayari. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, harusi inakaribia, nikaogopa. Niliona kwamba Ouma ni mtu mwema, mpole, na kwamba nitakula naye ugali kwenye meza ileile mpaka nizeeke. Bildad alinichekesha. Sina sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo na ninaona aibu ilivyo ndogo.

Ouma alisimama mlangoni. Hakuingia. Alinitazama, akamtazama Bildad, akauweka mkebe kwenye kizingiti taratibu kama mtu anayeweka yai, akaondoka. Nilisikia pikipiki ikiwaka. Sikumwita. Nilijisemea, atarudi jioni tutaongea.

Kwa hiyo pikipiki haikugeuzwa na maji, Mama. Ilikuwa imeelekea nyumbani kwa sababu alikuwa anarudi kwako. Wewe ulimtuma akafika salama. Aliyemrudisha kwenye yale maji ni mimi. Mlipokuwa mnanivisha koti siku ya mazishi, mkebe ulikuwa chini ya meza yangu ya cherehani. Nilizila zile njugu peke yangu usiku mmoja baada ya mazishi, zote, nikilia, nikaosha mkebe nikautia vifungo vya nguo.

Na kumbe siku hiyo hata yeye alikuwa na mashaka yake. Angeingia tu, angeniambia aliyokuambia wewe jikoni, nami ningemwambia yangu, tungeachana kama watu wanavyoachana. Leo angekuwa na mke mwingine. Hilo ndilo linalonila.

Mficha uchi hazai. Nimekuvulia. Usiniachilie tena, na ukitaka kunilaani una haki.

Wahu


Pap Onditi, 23 Machi 2026

Wahu,

Nakusalimu. Goti ni lilelile.

Nilikuchukia. Nimefundisha watoto wasiseme neno hilo, lakini nalisema. Nilikuchukia Krismasi nzima na Januari yote. Nilimwambia Maximilla nitaurudisha ule mkebe, akupige nao kichwani, akaniambia yeye anabeba mitumba na barua tu, ngumi habebi. Nilichukua barua yako ile ya shati la kijani nikaichana. Hii ya mkebe nimeshindwa kuichana.

Nilikuwa nikiufungua mkebe kila siku. Bado una harufu ya chumvi na moshi wa jiko langu, pamoja na vifungo vyako vyote ulivyoviweka humo. Siku moja nikajisikia nikisema kwa sauti, jikoni, peke yangu: alivuka. Mwanangu alivuka. Nilimtuma, akafika, akatua mzigo alioagizwa. Tangu utotoni alikuwa mtoto wa kutumwa. Usiku ule nililala mpaka kuku wakanipigia kelele. Miaka miwili sijalala hivyo, Wahu. Umenichinja na kuniponya kwa kisu kimoja, na mimi sijui kukushukuru wala kukusamehe kwa barua moja, kwa hiyo nimengoja.

Sasa sikiliza. Masika yameanza. Imenyesha siku nne mfululizo na mlango wangu haujagongwa. Niliketi nikamngoja, nikaweka hata kiti. Hakuja. Kama haji kwangu najua ameelekea wapi.

Akifika, usimfungie nje. Mwache aingie, maana siku ile hakuingia. Usiniandikie alivaa nini, hayo ulishaniandikia. Niandikie kama ni mkavu.

Kukuachilia siwezi, si kazi yangu na haikuwa kazi yangu. Lakini lile neno mkamwana usilitumie tena. Hilo lilikuwa la Ouma. Mimi nataka langu.

Mkebe unarudi kwako. Nimekaanga leo asubuhi. Vifungo nimevifunga kwenye karatasi pembeni, usije ukavila pia.

Mama yako,
Awuor


Mamboleo, 14 Aprili 2026

Mama,

Shikamoo. Natumaini umelala na leo pia.

Amekuja. Ilikuwa Jumamosi alasiri, nimefunga duka, nimelaza kichwa kwenye cherehani. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimeuacha wazi tangu nipate barua yako, mpaka Bildad akaniuliza kama nataka kuibiwa.

Hakuwa mkavu, Mama. Nakuandikia kweli. Alikuwa amelowa mpaka magotini, vilevile. Alisimama kwenye kizingiti. Nikamwambia, "Ingia." Akaingia. Akaketi kwenye kiti cha wateja, nikamwekea mkebe, akala njugu moja moja kama alivyokuwa akila, akiweka maganda mkononi asichafue. Haikuwa kama ulivyosema mume huja. Nilipiga magoti nikatafuta cha kumpangusia, sikuona kitu ila koti lake. Nikalishusha kwenye msumari nikampangusa miguu, nikapangusa na kupangusa. Maji yalikuwa mengi sana kwa mtu mmoja. Nilipangusa mpaka akakauka. Ndipo akasimama, akanigusa kichwani, akatoka.

Nilipoamka mkebe ulikuwa umefungwa. Sikuhesabu njugu, naogopa. Ila koti halikuwepo kwenye msumari. Lilikuwa miguuni pangu, limelowa lote, zito kama limeopolewa mtoni. Huku hakujanyesha wiki nzima. Bildad aliliona kwa macho yake. Safari hii hakutaja paa.

Je, hiyo ndiyo ndoto mnayoingoja kwenu, au ni nyingine? Wewe ndiwe mwalimu. Bildad nimemwambia kila kitu, ya mlangoni na ya mkebe, na kwamba sijui kama nitamwoa au nilimshika tu ili nisibaki peke yangu na lile koti. Akasema atangoja.

Koti nimelianika kwenye kamba nyuma ya duka. Likikauka nitakuletea mwenyewe, kwa mikono yangu, nipite Ahero mchana niyaone yale maji. Leo ni siku ya tatu. Jua ni kali mpaka vitambaa vya dirishani vinapauka. Kila jioni Bildad anakuja kuniuliza kama limekauka. Naenda naligusa, nakamua mkono wa koti, nasubiri.

Namwambia bado.

Binti yako,
Wahu