Chumvi ya Ubatizo

Nekesa mjukuu wangu, hapa Dabani tuko wazima, ila babu yako bado anakohoa.

Unauliza kama kweli sabuni yaweza kukazika kwa kuongezwa maji, maana mwalimu amesema chembe zake hujipanga kama kuni mzigoni, kila moja ikiwa na mkia unaokimbia maji, mikia yote ikijificha ndani.

Niliona wakati wa vita, sabuni ilipoadimika. Mama alipika mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu, tupate kufua nguo za ubatizo wa kaka yangu. Ikawa nzito, akaongeza maji. Mwiko ukasimama wenyewe.

Shangazi akasema, "Wacha maji. Lete chumvi."

"Hiyo ni ya kuku wa wageni," Mama akajibu.

"Lete tu."

Chumvi yote ilipotiwa, sabuni ikajitenga na maji, ikaelea juu.

Kanisani kaka aling'aa. Nyumbani wageni walimaliza kuku, na hakuna aliyeulizia chumvi.

Nyanya yako