Kichwa cha Habari na Chai ya Mama

Rukaya, mume wangu Ambwene ameng'oa chai yote ya mama yake! Yote!

Jumatatu alisoma kwenye simu kwamba kiwanda kimeacha kununua majani. Alisoma kichwa cha habari tu. Mama akamsihi, "Subiri kwanza tuulize." Akamjibu, "Mama, mimi nafuatilia habari kila siku. Wewe unafuatilia nini?"

Kumwambia mama yake hivyo!

Leo gari la majani limekuja kama kawaida. Nikaifungua ile habari: matengenezo ya siku mbili. Siku mbili, Rukaya! Miche mipya itataka miaka mitatu.

Sasa bwana ametangaza kwamba ameacha kufuatilia habari, eti zinamvuruga akili.

Mama akamkabidhi jembe. "Ndaga, asante, mwanangu. Sasa utapata muda wa kupanda."