Sheria Niliyoiandika kwa Ajili ya Risasi

Mpendwa Mama Euphrasie, naomba msaada wako kabla pumzi haijanikatikia. Nina miaka themanini na moja, moyo umechoka na daktari ameacha kunidanganya, anasema zimebaki wiki chache. Wakati wa vita nilikuwa prefe, mkuu wa shule moja ya sekondari hapa Kindu, na kwa kuwa risasi zikilia watoto walikimbilia madirishani, niliandika sheria kwamba atakayeinuka kwenye benchi wakati wa mtihani atapata sifuri, nikasaini, nikapiga muhuri, na kwa hilo sioni haya, maana hatukuzika mwanafunzi hata mmoja.

Ninachoungama ni Bulaimu. Hesabu alizijua kuliko mwalimu wake, lakini aliinuka hata siku za kimya, na mimi nilijua kwamba haogopi wala haibi majibu, ni mwili tu uliokataa kutulia, nikampa sifuri mara tatu ili wengine waniogope, hadi akaacha shule akaenda Kalima kuchimba madini.

Sasa mjukuu wangu Falone anasoma shule ile ile, na daktari ameandika kwamba ana TDAH, yaani ubongo wake unashindwa kutulia kwenye jambo moja kwa muda mrefu. Juzi aliinuka katikati ya mtihani wa jiografia, akapewa sifuri, na Jumatatu inaanza mitihani ya mwisho wa mwaka. Tulikwenda kwa prefe wa leo, Nestor, niliyemfundisha mwenyewe, kuomba chumba cha pembeni na muda wa ziada. Akacheka. "Papa, sheria njo sheria, na iko na saini yako. Nikimupa huyu, kesho darasa lote litakuwa na ugonjwa." Falone akamjibu, "Papa Prefe, vita iliisha mbele nizaliwe."

Nataka kusema yote hadharani. Wanangu wanasema ninyamaze, nife na heshima yangu. Nifanye nini?

Léon, Kindu

Papa Léon, pole kwa moyo. Sasa nikugombeze. Ulijua mtoto yule hana kosa ukamwadhibu, halafu ukaiita nidhamu kwa miaka zaidi ya ishirini. Wanao wanalinda heshima gani? Ile iliyomtoa Bulaimu darasani?

Na Nestor aache kuogopa. Mtoto mmoja akivaa miwani, darasa zima halijawahi kudai miwani.

Chukua kalamu leo. Andika kwamba wewe uliyetunga sheria ile unashuhudia kuwa ilitungwa kwa sababu ya risasi, na sababu hiyo imekwisha. Ambatanisha karatasi ya daktari, la sivyo wataiita hali yake utundu. Usiombe huruma, taja vitu: chumba chenye msimamizi, nusu saa ya ziada, ruhusa ya kuinuka na kutembea kidogo, na jiografia irudiwe. Nakala moja ipate kamati ya wazazi, nyingine inspekta wa elimu.

Tuma mtu Kalima. Bulaimu akipatikana, mwambie kwamba ulijua. Akusamehe au asikusamehe, hilo ni lake.

Barua yenyewe mpelekee Nestor kwa mkono wako, kabla ya Jumatatu. Wanao wakikataa kukubeba, Falone atatafuta pikipiki. Keti ofisini kwake hadi asaini kwamba amekubali. Akikuomba uondoke, mjibu kwamba daktari amekupa wiki chache tu, na zote unaweza kuzimalizia kwenye kiti chake cha wageni.