Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Kijiji cha Ujamaa Juhudi,
S.L.P. 14,
Sikonge, Tabora.
19 Januari 1975

Mpendwa Kaka Shilinde,

Shikamoo. Habari za Tanga na kazi ya mkonge? Kile kifua chako kimepona? Sisi huku wazima, ila Mama amekonda. Shule nimemaliza, sikuchaguliwa kuendelea. Sikulia.

Ukipata likizo usiende kwetu kwa zamani. Tulihamishwa kwa lori mwezi wa nane, zimebaki kuta tu. Hapa nyumba zimepangwa kwa mistari, milango yote inatazama barabara, na barabara yenyewe ni pana kama uwanja wa mpira.

Siku ile tuliposhushwa, bwana mpimaji alimwuliza Mama ana ndugu gani hapa. Balozi wetu wa nyumba kumi akamjibia kwamba yupo Ngollo, mume wa dada Siwema. Mpimaji akafurahi. "Basi nitawaweka mtazamane," akasema, akapiga kigingi chetu mbele ya mlango wa Ngollo. Mama mkwe na mkwe wake, mlango kwa mlango! Mama alikwisha kujifunika khanga usoni.

Balozi alipomweleza mila yetu, kwamba mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso, mpimaji akacheka. Ni Mzaramo, mtani wetu. "Nyinyi Wanyamwezi mnaogopa wakwe kuliko simba! Vigingi havihami."

Basi tangu nyumba ilipokwisha, Mama hakutoka mchana. Maji nachota mimi. Mvua zilianza, hakupanda hata shina moja la mahindi. Mwezi uliopita akafunga mzigo wake, akasema anarudi kule kwa zamani, akakae peke yake ndani ya kuta zisizo na paa.

Nilimwomba asubiri, nikatembea kijiji kizima kutafuta mtu wa kubadilishana naye nyumba. Unanijua mimi na kusema na watu. Nilipita mstari kwa mstari, ofisi ya chama, pampu, duka la ushirika lenye chumvi tu, mpaka mstari wa mwisho kwenye msitu. Nyumba zinafanana mno, nikapiga hodi tena mahali nilipokwisha kukataliwa. Mama Josepha akaniambia, "Mwanangu, choo changu nimekichimba kwa mikono hii. Kachimbe kingine pale kwenu, nitahama."

Nilirudi sina hasira wala huzuni. Miguu ilikuwa na matope, nikaiosha.

Nikamweleza dada Siwema. Ngollo alikuwa anasikia. Asubuhi akatoboa ukuta wa nyuma, akang'oa mlango wake akaupachika huko. Pengo la mbele akaliziba kwa matofali.

Mpimaji alipopita akauliza, "Nani ameigeuza nyumba hii?"

"Upepo, mtani," akasema Ngollo.

Mpimaji akacheka mpaka kofia ikaanguka, akaenda zake. Hajarudi.

Mama amepanda, ingawa amechelewa. Kumshukuru mkwe wake kwa mdomo hawezi, kwa hiyo hunituma na bakuli la asali, nikazunguka nyuma. Siwema huniuliza kama sifurahi. Nadhani nafurahi, ila furaha yenyewe bado haijanifikia.

Msalimie shemeji Maua na mtoto Yahaya. Mama, Siwema na Ngollo wanakusalimu sana. Mungu akukinge na miiba ya mkonge na akulinde njiani siku utakayokuja.

Ukishuka usiulize namba, watu hawazijui. Fuata barabara mpaka uione nyumba iliyoipa mgongo. Inayoitazama hiyo ndiyo yetu, na Mama utamkuta amekaa mlangoni.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kabula