Leseni Yangu na Karatasi ya Hashil

Ibra, Sharqiyah,
Oman.
5 Januari 2026

Mpendwa dada Kudura,

Shikamoo. U hali gani, dada yangu? Magoti yako je, na ngazi za Mkunazini bado unazipanda mwenyewe? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imeingia, nakuandikia na shali mabegani. Barua hii anakuletea Adham, mtoto wa jirani yetu, pamoja na tende za Fanja. Ukiona mfuko umepungua, muulize yeye.

Ulinisuta kwenye simu kwamba mwaka mzima nimekuwa kimya. Ni kweli, nilikuwa na kazi.

Mwaka jana, siku kama hizi, mjukuu wangu Shatha alituletea jambo la skuli. Kila mtu aandike lengo lake la mwaka, akunje karatasi, tuzitie zote ndani ya dele la kahawa lililovunjika mdomo, zifunguliwe mwaka ukiisha. Mimi niliandika: nipate leseni ya gari. Miaka sitini na moja! Cheka, ukimaliza tuendelee.

Sababu unaijua. Shemegi yako Hashil ana presha ya macho, na daktari alimkataza kuendesha. Mtu aliyekuwa haketi nyumbani akawa haendi hata kwa kinyozi, kwa kuwa hapendi kumwomba mtu amchukue. Mwanetu Nizar yupo kazini Nizwa, huja Alhamisi, na kila akija baba yake humwambia hana haja ya kitu. Nilichoka kumuona kwenye kiti kile kile.

Mtihani wa hapa una mapipa. Unarudi nyuma baina yake, ukiligusa moja umeanguka. Nilianguka mara tatu. Mwalimu wangu, Hala, ni rika la binti yangu, na subira yake mimi sina. Nyumbani nilipanga ndoo tupu za tende uwanjani, shemegi yako amekaa kibarazani na kahawa yake. Yeye ndoo hazioni vizuri, lakini moja ikilia tu ananihesabia. "Huyo wa tatu leo, Fawziya, khalas. Nani atawazika?" Nilikasirika, kisha nikacheka mpaka gari ikanizimikia.

Oktoba nikafaulu. Tangu hapo hatukutulia. Nimempeleka kwa kinyozi, hospitali, kwa rafiki zake, hata Bahla kununua mtungi ambao hatukuuhitaji. Safari zote nilichagua mimi, na nilijiona nimefanya la maana. Nikimuuliza twende wapi, hujibu popote nipendapo.

Siku ya mwisho ya mwaka, baada ya alasiri, Shatha akalimwaga lile dele. Yangu iliposomwa nilipigiwa vigelegele. Ya Hashil ilikuwa ya mwisho, mwandiko umekwenda mshazari: "Niione bahari ya Tiwi mara moja tena." Tiwi ndiko alikoanza ualimu, kijana, hata mwaka hajamaliza tangu atoke Unguja. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kuwa ni mbali, angenisumbua.

Dada, ni mwendo wa saa mbili na ushei. Juzi Jumamosi nikamtia garini, tukapita Sur, tukafika Tiwi kabla ya adhuhuri. Nikasimamisha gari pwani kabisa. Akashuka, akakaza macho, kisha akaniuliza bahari ipo upande gani.

Nikamshika mabega nikamgeuza. Oktoba alikuwa bado anatofautisha njia na ukuta. Leseni nilikuwa nayo mkobani, nami nikampeleka kununua mtungi.

Alikaa saa nzima akiisikiliza bahari. Tulipokuwa tunarudi akanisifu kwamba kona nazikata vizuri. Mimi nikilia, yeye akila halwa.

Nisalimie sana Safa na wanawe, na mzee Mkadam mwambie dawa yake nimeiona, nitaituma. Hashil anakusalimu. Mungu akupe siha, akuweke mpaka tukutane uso kwa uso.

Dele tumelirudisha kabatini. Mwaka huu kila mtu kasema lake mbele ya wenzake, na Hashil kasema anataka kuja kukaa barazani kwako baada ya Idi, akusikie unavyogomba. Tutakuja. Na wewe, dada, unataka nini mwaka huu? Usinikunjie karatasi. Mwambie Adham, anarudi Ijumaa.

Ndugu yako akupendaye daima,
Fawziya